Kabla hujanunua randa yenye kimoyo

Juzi kijana mmoja niliyemfundisha kazi, siku hizi ana karakana yake Tabata, Dar es Salaam, alinitumia picha ya randa na ujumbe wa sauti. "Mwalimu, shikamoo. Shemeji anarudi kutoka Marekani mwezi ujao, nimemwomba aniletee hii. Ni Stanley yenyewe, ile ya zamani, wameifufua. Nikiipata si naachana kabisa na mitumba?" Kwenye picha kulikuwa na namba 4, randa ya kulainishia, inayong'aa, vishikio vya mbao, na kimoyo kidogo kwenye nembo. Nikamjibu marahaba, nikamwambia hilo lingine linataka kukaa chini kuandika.

Tuanze na hicho kimoyo, maana ndicho kinachouza. Mwaka 1869 Stanley Rule & Level, kampuni ya vifaa vya useremala ya mji wa New Britain, jimbo la Connecticut, Marekani, ilinunua kampuni ya Leonard Bailey. Huyo Bailey ndiye mwenye ule mtambo tunaoujua wote: unazungusha gurudumu dogo la shaba nyuma ya kisu, kisu kinashuka au kupanda kwa unywele. Karibu kila randa ya chuma utakayoishika kwa mafundi wa Keko, hapa Dar, iwe Stanley, iwe Record ya Sheffield, iwe ya Kihindi, ni kizazi cha Bailey. Mwaka 1920 Stanley hiyo iliungana na kampuni nyingine, Stanley Works, ikaanza kugonga chapa ya moyo wenye herufi S.W. ndani yake. Herufi ni za Stanley Works, na moyo ni heshima kwa William Hart, mzee aliyeiongoza Stanley Works miaka mingi; kwa Kiingereza jina lake na neno moyo hutamkwa sawa. Watu wakaziita Sweetheart, kipenzi. Chapa hiyo ilidumu mpaka katikati ya miaka ya 1930, na wakusanyaji wa vifaa vya zamani huihesabu kuwa enzi nzuri ya Stanley.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ubora ulishuka polepole. Mbao za vishikio zikapungua thamani, zikaja plastiki, useremala wenyewe ukahamia kwenye mashine. Wewe uliyejifunza kazi miaka ya 1990 bila shaka umeshika Stanley yenye kishikio cha plastiki kinachoteleza jasho likikutoka.

Halafu mwaka 2009 Stanley ikalirudisha jina la Sweetheart. Randa tano: namba 4 ya kulainishia, namba 62 ndefu ya kisu kilicholala, ndogo mbili za mkono mmoja, 9½ na 60½, na namba 92 ya kusafishia mabega ya ndimi za maungio. Zikatengenezwa Mexico. Baadaye zikafuata patasi za 750, hizo zikitoka Sheffield, Uingereza.

Wapenzi wa vifaa vya mkono kule Marekani na Uingereza waligawanyika, na ukisikiliza hoja zao unajifunza kitu. Wapo waliokasirika kwa sababu ya Mexico tu. Hao wapishe. Chuma hakina pasipoti, na fundi wa Mexico akipewa kipimo sahihi na muda atatoa kazi sahihi. Wapo waliofurahi kwamba hatimaye kampuni kubwa imewakumbuka watu wa randa. Na wapo waliosema umechelewa baba: ulipoiacha nyumba yako wapangaji waliingia. Ni kweli. Tangu 1981 Thomas Lie-Nielsen wa jimbo la Maine amekuwa akitengeneza randa kwa mifano ileile ya Stanley ya zamani, nzito na zilizonyooka, na Veritas ya Kanada nao wakaja na miundo yao. Kwa hiyo Stanley alirudi kwake akakuta watu wanapika jikoni mwake, na wanapika vizuri. Akaamua kushindana kwa bei, chini ya hao wawili.

Lakini hoja iliyonigusa mimi ni ya kundi dogo, walioangalia mtambo badala ya nembo. Walisema: hii namba 4 mpya si ya Bailey. Kitako cha kisu kimeumbwa kipande kimoja na mwili, kisu ni kinene, milimita 3 na kitu, na badala ya gurudumu la Bailey la kina na wenzo wa kunyoosha kisu pembeni kuna mtambo mmoja unaofanya kazi zote mbili, wa asili ya randa za Norris za Uingereza. Wengine wakalalamika kwamba ukiuzungusha unakwenda mbele na nyuma kwanza bila kisu kusogea, na kwamba ukirekebisha kina, kisu kinapinda upande. Wengine wakasema zao ziko safi kabisa. Tofauti hiyo ya moja na moja ndiyo iliyowaudhi zaidi.

Sasa kwa nini hili linakuhusu wewe wa Tabata? Vipuri. Randa ya Bailey ikivunjika kitu, unakwenda mtaa wa Gerezani au kwa mzee yeyote mwenye boksi la vyuma, unapata kisu, unapata wenzo, unapata skrubu. Kisu cha Record cha inchi mbili mimi nimekitia kwenye Stanley miaka kumi na moja sasa, hakijawahi kulalamika. Kwenye hii mpya usitegemee hivyo. Kisu kikiisha au mtambo ukila meno, utamtuma shemeji tena. Na shemeji siku moja atachoka.

Nilishika moja, ya mteja wangu aliyeishi Ohio. Nilipiga nayo ubao wa mninga uliokuwa na nyuzi zilizopindana karibu na fundo, pale ambapo randa yangu hutaka kunyofoa. Ilipita. Maranda yalitoka membamba, marefu, yakijikunja kama utepe wa kaseti, na sauti ilikuwa nzito, ya chini, bila ule mtetemo wa kisu chembamba. Sitasema uongo, niliipenda. Nikamwomba aniruhusu nimnolee kisu, kidogo kwa ukarimu, kidogo kwa udaku. Hapo ndipo nilipokutana na chuma cha A2. Chuma hiki kina kromi nyingi, kama asilimia 5, kinashika makali muda mrefu kuliko kaboni ya kawaida, lakini jiwe langu la mafuta liliteleza juu yake kama linapapasa. Nilimaliza kwa kioo na msasa wa maji, 400 mpaka 2000, na chai ilipoa pembeni. Kama vifaa vyako vya kunolea ni jiwe moja lililobonyea katikati, A2 itakutia aibu. Nunua jiwe la almasi kwanza, ndipo uote kisu kinene.

Niseme na langu, ili usidhani naongea kwa kusikia tu. Miaka kadhaa nyuma nilinunua randa mpya dukani, boksi zuri, jina kubwa la zamani ambalo sitalitaja. Babu yangu alikuwa na ya jina hilohilo, kwa hiyo sikuikagua. Nilimwona babu kwenye boksi, nikalipa. Nilipofika karakana uso wa chini ulikuwa umebonyea kwenye mdomo kiasi cha kupitisha karatasi mbili. Randa ya namna hiyo inagusa ncha na kisigino tu. Unasukuma haili, unasukuma haili, halafu ghafla inang'ata. Nikatumia siku mbili za Jumapili kuisugua juu ya kioo cha meza na msasa mpaka mabega yakauma. Jina lilikuwa la babu. Chuma hakikuwa.

Kwa hiyo ukienda kununua randa yoyote, mpya au ya mtumba, nenda na skwea ya chuma mfukoni. Usione haya, muuza duka akikununia, mwache anune. Rudisha kisu ndani ili kisitokeze, lakini kaza kila kitu kama unavyofanya kazi, kwa sababu mwili hupinda kidogo kisu kikikazwa. Geuza randa, weka ukingo wa skwea juu ya uso wa chini, inua kuelekea mwanga. Angalia sehemu tatu: ncha ya mbele, ukingo wa mbele wa mdomo, na kisigino. Hizo zikikaa pamoja, mabonde madogo ya katikati hayana neno. Mdomo ukiwa umezama na mwanga unapita, achana nayo, au omba punguzo la kufidia mabega yako. Kisha shika mtambo wa kisu, zungusha kuelekea mbele, kisha rudisha, uhesabu ni kiasi gani unazunguka tupu kabla kisu hakijatikisika. Robo ni kawaida. Hata nusu nimezoea. Mzunguko mzima na zaidi ni mtambo uliolika.

Kwa mtumba ongeza jambo moja: tafuta ufa pembeni mwa mdomo. Randa za zamani ni chuma cha kumimina, kinachovunjika kikidondoka kwenye sakafu ya saruji, na muuzaji akiipaka rangi nyeusi ufa unajificha. Pitisha ukucha. Kutu isikutishe, kutu ya juu inatoka kwa mafuta ya taa na sufi ya chuma. Namba 4 yangu ninayoipenda kuliko zote, Stanley ya Uingereza, niliinunua kwa shilingi 45,000 ikiwa imeoza kama jembe lililosahauliwa shambani. Kishikio kilikuwa kimepasuka. Nilichonga kingine kwa mkongo, na mkono wangu sasa umekikariri.

Je, hizi Sweetheart mpya hazifai? Sijasema hivyo. Namba 62 ya zamani ilisifika kwa mdomo mwembamba uliopasuka kwa urahisi, na nzima ni adimu hata huko kwao, hivyo mpya ina maana kwa anayetaka kuranda vichwa vya mbao ngumu. Kisu chake kimelala nyuzi 12 tu. Ila bei na uzito wa begi, ufikirie. Patasi za 750 ni nyepesi na nzuri mkononi, lakini mpini wake huingia kwenye soketi bila pini. Ubao wa mpini ukikauka, ukainua patasi, mpini unabaki mkononi na chuma kinashuka kuelekea mguuni. Kwa anayeishi Dar na unyevu wetu si tatizo kubwa. Wa Dodoma avae viatu. Patasi zozote za soketi ziko hivyo, na dawa ni kuugonga mpini ukae sawasawa.

Ile ningeitafuta mimi ni 60½. Inakaa kiganjani, kisu kimelala, mdomo unafunguka na kufungwa. Kwa kazi zetu za milango na makabati, ambapo unaondoa ukali wa kingo mia kwa siku na kugusa vichwa vya fremu, haikai kwenye rafu. Tena za mtumba za namna hiyo hapa mjini hazionekani sana, nyingi zimeshapoteza ile sahani ya mdomo, na bila sahani hiyo umenunua uzito wa kushikilia mlango.

Basi nimemjibu kijana wangu hivi: mwambie shemeji aiache namba 4, alete 60½, na nafasi itakayobaki kwenye begi aweke jiwe la almasi. Amesikiliza, amenyamaza kidogo, kisha ameuliza: "Na namba 4 sasa, mwalimu?"

Jumamosi saa mbili asubuhi tunakutana Gerezani. Nimemwambia aje na skwea yake, yangu siazimishi.