Re: Vyungu vya Waolmeki vilifinyangwa wapi?

Mkuu, umeuliza inakuwaje wataalamu wachunguze vigae (vipande vya vyungu vilivyovunjika) vya Waolmeki, watu wa kale wa Meksiko, kisha wapingane kuhusu vilikofinyangwa. Ugomvi mkubwa uko kwenye vipimo.

Mwaka 2005 watafiti Blomster, Neff na Glascock walichapisha uchunguzi wa sampuli zaidi ya 700. Kigae husagwa, unga wake ukapigwa nyutroni (chembe ndogo za ndani ya atomu), ndipo zinasomwa elementi zilizomo kwa kiasi kidogo mno. Jibu lao: San Lorenzo, mji mkubwa wa Waolmeki, ilipeleka vyungu Oaxaca, eneo jingine la Meksiko, na kwingineko, yenyewe haikupokea.

Mwaka huohuo Stoltman, Marcus, Flannery na wenzao wakaja na hadubini. Wao hukata kigae hadi kiwe utando wa milimita 0.03, mwanga unapenya, unaona chembe za mawe zilizomo. Wakasema baadhi ya vigae vilivyookotwa San Lorenzo vina mawe ya Oaxaca, kwa hiyo biashara ilikwenda na kurudi.

Sasa fikiria unga wa mahindi uliochanganywa na mtama. Ukishasagwa, umepata jumla tu. Punje huzioni tena. Mfinyanzi naye huchanganya udongo na mchanga, na nyutroni husoma vyote kwa pamoja. Lakini hadubini nayo ilitumika kwa vigae vichache sana, na hilo wapinzani walilishikilia, kwa haki kabisa.

Mimi naamini kigae kimoja kipite vipimo vyote viwili. Moto wote huu unatokana na swali zito: je, Waolmeki ndio mama wa ustaarabu wa Mesoamerika (Meksiko na Amerika ya Kati ya kale), au walikuwa ndugu miongoni mwa ndugu?