Ukuta wa chokaa na saruji havipatani

Mhariri,

Mmeuliza wiki hii ni ukarabati gani wa nyumbani, wa kufanya kwa mikono yako mwenyewe, unaochosha roho kuliko yote. Kwangu mimi ni kubandua saruji iliyopigwa juu ya ukuta wa zamani.

Nyumba yetu iko Kiponda, Mji Mkongwe, Unguja. Tumeachiwa na bibi mzaa mama. Ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake za boriti za mikoko, na unene wa kuta zake unamtosha mtoto kulala dirishani. Miaka mingi walikaa wapangaji, na kila aliyeona plasta inamomonyoka alinunua mfuko wa saruji akaziba. Siwalaumu sana. Saruji inauzwa kila mtaa, na wiki za mwanzo ukuta hupendeza.

Tatizo ni kwamba ukuta wa chokaa hunywa maji kutoka ardhini, kisha huyatoa polepole kupitia plasta yake. Ukiuvika saruji, na juu yake rangi ya mafuta, maji hukosa pa kutokea. Hupanda juu zaidi yakiwa yamebeba chumvi, na chumvi ikikauka nyuma ya plasta huisukuma mpaka ikavimba. Ukigonga kwa kidole unasikia uwazi ndani.

Sasa chukua tindo na nyundo uibandue. Saruji imelishika jiwe kuliko jiwe linavyojishika lenyewe. Unagonga taratibu, kipande kinatoka, na mgongoni mwake kimeng'ang'ania kipande cha tumbawe. Chokaa ya zamani inamwagika kama unga, na pale ulipotaka kuondoa plasta ya vidole viwili pana shimo la kuingiza ngumi. Unaiacha plasta, unaanza kutafuta vijiwe vya kujazia shimo. Kazi ya asubuhi moja imeshazaa nyingine, na bado hujafika kona.

Kutundika rafu ni balaa jingine. Drili inaingia kwenye chokaa laini, ghafla inagonga tumbawe gumu na kuteleza, halafu inatumbukia kwenye uwazi. Kile kiplastiki cha kushikia skrubu kinazunguka tu humo ndani. Na hata ukifanikiwa, ubao ulionyooka hautakaa sawa ukutani, maana hakuna ukuta ulionyooka. Chumba chetu cha juu ni kipana upande wa barabarani kuliko upande wa ua, kwa hivyo kila kitu hukatwa kwa kipimo chake, na mlango wa dukani ndio usiuwaze kabisa.

Chokaa yenyewe inataka subira ambayo mtu mwenye kazi ya mshahara hana. Lazima izimwe kwa maji na kulazwa muda mrefu kabla ya kutumika. Hupigwa tabaka jembamba baada ya jembamba, huku ukuta unarushiwa maji usikauke haraka, kwa sababu chokaa huwa ngumu kwa kuvuta hewa, tena polepole. Fundi mzee wa mtaa alipita akatazama kazi yangu, akaniambia, "Mwanangu, usitie rangi mwaka huu." Alikuwa na haki. Lakini mjaribu kuwaeleza wageni wa sikukuu kwa nini sebule haina rangi.

Kuna kazi moja siigusi, nayo ni boriti. Maji ya paa yakivuja hushuka ndani ya ukuta na kuozesha ncha ya boriti pale ilipochomekwa, mahali jicho halifiki. Ukisukuma bisibisi ikazama bila nguvu, hapo ni kazi ya mafundi wanaojua kutegemeza dari. Sote tuliona upande wa Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la hapa Mji Mkongwe, ulivyoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Jengo lile ni la mwaka 1883, na lilikuwa linakarabatiwa.

Wapo wanaolalamikia kibali cha ukarabati cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mimi nakiunga mkono. Mji huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na laiti wapangaji wetu wangeulizwa wanaziba kwa kitu gani, nisingekuwa na tindo mkononi leo. Ninachokiona kikubwa zaidi ya kibali ni vifaa. Mfuko wa saruji naupata hata usiku, lakini chokaa iliyolala vizuri lazima niiagize, niisubiri, tena nyingi kuliko ninayoihitaji. Mwenye kuziba kiraka kimoja ataitoa wapi?

Basi kama kuna msomaji wa Unguja, au wa Lamu na Mombasa wenye nyumba kama zetu, anayejua inakouzwa chokaa iliyokwisha kulazwa, kwa ndoo na si kwa gari, tafadhali aandike hapa gazetini. Nimebakiwa na kuta mbili, na masika hayako mbali.

Msomaji wenu,
Kiponda, Unguja