Mtaji si fedha ya kuanzia: kwa wanaoanza kazi ya hesabu hapa Tanga

Ninyi mnaoanza uhasibu au masomo ya uchumi mtalisikia neno mtaji kutwa nzima, na mara nyingi anayelitaja huwa na maana ya fedha ya kuanzia biashara. Nami nililielewa hivyo nilipokabidhiwa daftari za kiwanda kidogo cha kuchakata mkonge. Wachumi hulitumia kwa vitu vilivyotengenezwa ili vizalishe vingine: mashine, karakana, reli, gati, na hata shamba lililokwisha kupandwa.

Mkonge wenyewe unalieleza jambo hili vizuri. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alipouingiza nchini mwaka 1893, miche 62 tu ndiyo iliyosalimika katika safari, na mashamba yote tunayoyaona yalianza na akiba ndogo kama hiyo. Anayepanda leo husubiri miaka miwili au mitatu kabla ya kukata jani la kwanza, huku palizi ikiendelea kudai malipo, kwa hiyo lazima awepo mtu aliyejinyima matumizi ya sasa. Ndiyo maana akiba, uwekezaji na ukuaji wa uchumi hufundishwa pamoja.

Kosa langu lilikuwa kwenye korona, yaani mashine ya kuchakata majani ya mkonge. Jani hupitishwa kwenye ngoma yenye visu vinavyokwangua nyama yake huku maji yakimiminwa, na singa, yaani nyuzi, inayopatikana ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Utomvu wake una asidi, nayo hula chuma. Kila mwezi niliandika faida bila kutenga chochote kwa ajili ya uchakavu, na mwenye kiwanda akaitumia yote, kwani daftari langu lilimruhusu. Mwaka wa nne visu na beringi viliisha kwa pamoja, tukakopa kwa riba kubwa, na majani yaliyokwisha kukatwa yakakaukia uani. Sehemu ya ile faida ilikuwa mashine yenyewe, tukiila kidogo kidogo.

Tulipopona, mwenye kiwanda alitaka korona ya pili. Majani na maji vilikuwa vile vile, hivyo nyongeza ingezaa kidogo sana. Hoja hiyo ya mazao yanayopungua ndiyo iliyo ndani ya nadharia ya ukuaji aliyoiandika mchumi Mmarekani Robert Solow mwaka 1956. Kilichotusaidia zaidi hakikuwa chetu: bandari ya Tanga ilipochimbwa hadi kina cha mita 13, meli kubwa ziliweza kufunga gatini, ilhali zamani zilitia nanga mbali na shehena ikavushwa kwa matishari.

Kwa hiyo ukikabidhiwa daftari, kabla ya kuuliza mauzo, shuka karakanani umuulize fundi kila mashine ilinunuliwa lini na imebakiza miaka mingapi, kisha uandike jibu lake kwenye ukurasa wa kwanza.