Jengo la ofisi la 1927 limekaa tupu miaka 9, ukuta unatoa unga mweupe: tupige plasta ya simenti?

SWALI: Habari injinia, pole na majukumu. Mimi na ndugu zangu wawili tumerithi jengo la ofisi katikati ya mji, ghorofa 7, juu ya mlango pamechongwa mwaka 1927. Ukuta wa nje ni matofali ya kuchoma, kule chini unene unafika sentimita 60, ndani kuna nguzo na slebu za zege. Lina miaka 9 halina mpangaji. Upande wa nyuma kuanzia ghorofa ya 5 kwenda juu plasta inadondoka, kuna unga mweupe ukutani, na darini sehemu mbili nondo zinaonekana kabisa. Mkandarasi katuambia tukwangue mistari yote ya matofali kwa grainda tujaze simenti, ndani tupige plasta ya simenti yenye dawa ya kuzuia maji, nje rangi ya mafuta, alafu chini tuweke tailizi tupangishe haraka. Upana wa jengo ni mita 15, nyuma kuna uwazi mkubwa wa hewa kuanzia chini mpaka juu. Je tumsikilize? Na linaweza kugeuzwa nyumba za kupanga? Kuna lifti ya zamani ya geti la nyavu, wengine wanasema tuuze chuma chakavu.

JIBU: Mkuu, kwanza msisaini kitu. Huyo mkandarasi si lazima awe tapeli, ushauri wake ni ule ule ambao angempa mtu mwenye jengo la juzi, shida ni kwamba jengo lenu si la juzi, linafanya kazi kwa namna nyingine kabisa na mkilitibu kama la kisasa mtaliua kwa hela yenu wenyewe.

Ukuta wa matofali wa sentimita 60 haukujengwa uzuie maji kama koti la mvua. Ulijengwa unywe mvua kidogo ikinyesha, alafu jua na upepo vikija uyateme nje. Njia ya kuyatema ni ile mistari kati ya matofali, kwa sababu kwenye kuta za umri huo mara nyingi imejazwa chokaa au mchanganyiko wenye chokaa nyingi, na chokaa ni laini na ina vitundu vingi kuliko tofali. Maji yanatoka na chumvi zake, chumvi inaganda pale kwenye chokaa (ndo huo unga mweupe mnaouona), mstari unalika polepole, baada ya miaka mingi fundi anakuja anaujaza tena. Yaani mstari ndo kafara ya ukuta. Sasa ukiujaza simenti tupu umeweka kitu kigumu kuliko tofali, maji yakikosa njia hapo yanapita kwenye tofali lenyewe, chumvi inaganda nyuma tu ya ngozi ya tofali, inavimba, inaubandua uso wake vipande vipande. Mstari ukilika unajazwa, lakini tofali likishabanduka uso ndo basi tena. Rangi ya mafuta nje na plasta ya dawa ndani ni hadithi hiyo hiyo, umemfunga mtu nailoni mwili mzima ukashangaa mbona analowa jasho.

Nakwambia hivi kwa sababu na mimi nilishafanya kosa hilo nikiwa kijana kazini. Tulipiga plasta ya simenti safi kwenye ukuta wa zamani uliolowa, mwenye nyumba akafurahi, kabla mwaka haujaisha unyevu ukapanda ukatokea juu ya pale plasta ilipoishia, karibu na dari, mahali ambapo zamani palikuwa pakavu. Tukaibomoa yote, na kila tulipopiga nyundo plasta iliondoka na nyama ya tofali.

Kwahiyo swali la kwanza si tuzibe na nini, ni maji yanatoka wapi. Mmesema shida iko nyuma, ghorofa ya 5 kwenda juu. Hiyo peke yake inanipa picha. Maji ya ardhini hayapandi ghorofa ya 5, kwahiyo yanatoka juu: gata limeziba, au bomba la kuteremsha mvua limepasuka, au ule ukuta mfupi unaozunguka paa umefunguka kwa juu. Chukueni tochi na kiatu kisichoteleza mpande wakati mvua inanyesha, si kesho yake. Angalieni umbo la doa. Doa refu jembamba linalofuata mstari wa bomba, hilo ni bomba. Doa pana linaloanza darini na kushuka, hilo ni paa au gata. Doa chini ya kila dirisha, hapo ni vizingiti. Mkikuta kimti kimeota juu ya ukuta (majengo matupu hayakosi mtini mmoja) msiung'oe kwa nguvu maana mizizi imeshaingia kwenye viungo na itaondoka na matofali, ukateni, uueni mzizi, alafu fundi afungue taratibu. Na msidanganyike na kile kimashine cha kuchomeka ukutani kinachosoma unyevu, chumvi inakifanya kisome juu hata ukuta ukiwa umeanza kukauka.

Mkisharekebisha gata na paa, subirini. Najua hapa ndo ndugu wataanza kugombana. Kanuni ya mafundi wa zamani, ya kukadiria tu, ni kwamba ukuta mnene unakauka kama sentimita 2.5 za unene kwa mwezi, piga hesabu kwa sentimita 60 utaona ni suala la miaka 2. Si kwamba msifanye kitu muda wote huo, ila msipige plasta ya mwisho wala rangi upande ule, na madirisha yafunguliwe hewa ipite. Jengo tupu lililofungwa kila kitu linaoza haraka kuliko lililoachwa linapumua.

Kuhusu mistari, jazeni ile iliyolika tu, iliyo nzima iacheni. Grainda hapana, inakata kingo za matofali na huwezi kuzirudisha, tumieni patasi na nyundo, ondoeni kina kama mara mbili hadi mbili na nusu ya upana wa mstari. Kujua mjaze nini, chukueni kipande cha mchanganyiko wa zamani ukubwa wa kidole gumba, kisageni kidogo, kitieni kwenye chupa yenye asidi hafifu nje penye hewa, na glavu na miwani mmevaa. Chokaa inachemka mapovu na kuyeyuka, kinachobaki chini ni mchanga wa 1927. Umwageni kwenye karatasi nyeupe, ukauke, uangalieni: rangi yake, punje zake kubwa kiasi gani, zina ncha au za mviringo. Mchanga wa kununua ufanane na huo, kisha chokaa inayoganda na maji, sehemu 1 kwa mchanga 2.5 au 3, mjaribu kwenye kipande kidogo cha nyuma ambako hakuna anayepita. Kipimo hicho hakimalizi kila kitu, maabara inaweza kuona zaidi, ila kinatosha kumnyamazisha mtu anayesema simenti ndo ile ile. Kazi ikiisha funikeni magunia yaliyoloweshwa siku kadhaa, chokaa ikikauka kwa jua kali inakuwa unga.

Sasa nondo. Hapa mimi ndo naogopa, kuliko ukuta. Zege jipya lina ualikali mkali (yaani kinyume cha asidi), kama pH 12.5 na zaidi, na hiyo ndo inalinda chuma kisiote kutu. Hewa ya kaboni dayoksaidi inaingia polepole miaka na miaka, ualikali unashuka, ukifika kwenye nondo na unyevu upo kutu inaanza, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe kwahiyo inalipasua zege na kulisukuma chini. Gongeni dari yote kwa nyundo ndogo, palipo pazima panalia kengele, palipoachia panalia mtungi mtupu, wekeni alama ya chaki, na msisimame chini ya alama hizo. Alafu mwite injinia wa miundo avunje kipande kibichi apulizie fenolfthaleini, dawa ya maji inayobadilika rangi penye ualikali. Inapendeza kuiangalia: ndani kabisa zege linageuka rangi ya waridi kali mbele ya macho yako, na pembeni, ile sehemu iliyokwishachoka, inabaki kijivu vile vile. Mnapima kwa rula upana wa hiyo kijivu, mnalinganisha na nondo zilipo. Kama nondo ziko ndani ya waridi mnalala usingizi. Kama ziko kwenye kijivu, zege liondolewe mpaka nyuma ya nondo, kutu isafishwe, iliyokonda iongezewe nyingine, ndo mrudishie. Kupaka simenti juu ya nondo yenye kutu ni kuficha jipu. Na kabla ya kuvunja chochote, mabomba yaliyofungwa nguo na zile bodi za zamani vipimwe kama vina asbesto (nyuzi zinazoharibu mapafu), na rangi za zamani msizikwangue kavu, zinaweza kuwa na madini ya risasi ambayo ni sumu.

Kuligeuza makazi? Hapa mna bahati ambayo hamjaijua. Taa za tyubu ziliingia sokoni 1938, na viyoyozi vya ofisi vilienea baada ya hapo, kwahiyo aliyechora jengo lenu 1927 alilazimika kumweka kila karani karibu na dirisha. Ndo maana mna mita 15 tu na ule uwazi wa hewa ambao naona mmeutaja kama vile ni nafasi iliyopotea. Ukiweka korido katikati, kila chumba kina dirisha. Majengo ya ofisi ya miaka ya 1970 yenye sakafu ya mita 40 ndo yanawatoa watu jasho, katikati kuna giza. Mzigo pia haukusumbui, sakafu za ofisi kwa kawaida zinabuniwa kubeba zaidi ya makazi (leo ni kama kilonewton 2.5 hadi 3 kwa mita ya mraba dhidi ya 1.5 hadi 2, na kilonewton 1 ni kama uzito wa kilo 100), ilimradi nondo ziwe zimepona. Jengo la Reliance pale Chicago, la 1895, lilikuwa limechakaa vibaya, walitengeneza ngozi ya nje kwanza, baadae likawa hoteli 1999. Jengo la benki ya akiba ya PSFS pale Philadelphia, la 1932, nalo likawa hoteli 2000.

Vitakavyowabana ni ngazi na mabomba. Ofisi za zamani nyingi zina ngazi moja ya wazi, nzuri kwa macho, ila moto ukitokea chini moshi unapanda kama bomba la jiko. Mtahitaji ngazi ya pili iliyofungwa, na mahali pake rahisi ni kwenye kona ya nyuma ambako vyoo vya zamani vipo, alafu majiko na mabafu yapangwe mstari mmoja juu mpaka chini. Kachoreni hilo kabla hamjaongea na benki.

Kupangisha chini mapema sioni ubaya, hata napenda, jengo lenye taa usiku haliibiwi nyaya. Ila iwe upande wa mbele mkavu, wapangaji wawe na njia yao ya kutokea isiyopita chini ya zile dari, na msimwage tailizi juu ya sakafu ya zamani kabla hamjaangalia kuna nini chini ya vumbi. Mara nyingi kuna terazo (sakafu ya vipande vya mawe kwenye simenti) inayohitaji kusuguliwa tu.

Lifti msiuze. Mashine yake pengine imekufa, sawa, lakini lile geti na kizimba viacheni hapo hapo, lifti mpya wekeni pembeni ya ngazi ya pili. Nitumieni picha za gata la nyuma, na moja ya mstari wa matofali kwa karibu, ikiwa na sarafu pembeni nione ukubwa.