Simenti ya meno na rangi yake: majibu kwa maswali yenu

Daktari, vinia zangu mbili za mbele zilikuwa nyeupe vizuri nilipoonyeshwa. Baada ya kugandishwa zimekuwa na ukijivu. Fundi wa maabara alikosea?

Huenda hana kosa lolote. Vinia ni kigamba chembamba cha kauri, mara nyingi kati ya milimita 0.3 na 0.7. Mwanga huipenya, ukagonga simenti (gundi inayoishikiza vinia) na jino lililo chini, ndipo ukarudi machoni. Kwa hiyo rangi unayoiona ni ya vitu vitatu kwa pamoja: kauri, simenti na jino lenyewe. Jino likiwa jeusi na simenti ikiwa inapitisha mwanga, weusi wa chini hujitokeza.

Simenti nyeupe isiyopitisha mwanga ingepunguza ukijivu huo, ila kwa kiasi tu. Tabaka lake kwa kawaida halifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, na tabaka jembamba hivyo haliwezi kuficha jino jeusi. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu wagonjwa wengi huahidiwa kwamba "simenti itarekebisha". Jino lililotibiwa mzizi likawa jeusi ling'arishwe kwanza kutoka ndani, au ichaguliwe kauri nene zaidi inayozuia mwanga. Vinia ikishagandishwa, rangi ya simenti iliyo chini yake haibadilishwi tena bila kuisaga na kutengeneza nyingine.

Kuna njia ya kuona rangi kabla ya kugandisha?

Ipo, na uidai. Simenti nyingi za vinia huja na jeli za kujaribia zenye rangi zinazolingana nazo. Jeli hizi huoshwa kwa maji na hazigandi. Vinia ikiwekwa kavu, hewa hubaki kati yake na jino, na rangi inayoonekana hapo ni ya uongo. Jeli huijaza nafasi hiyo kama simenti itakavyoijaza.

Angalia mapema. Jino likikaa wazi bila mate hukauka na kuonekana jeupe kuliko lilivyo, hivyo uamuzi wa rangi unaofanywa mwishoni mwa kazi ndefu hauaminiki. Omba kioo, simama karibu na dirisha, tabasamu, zungumza. Usikubali kuharakishwa.

Vinia za dada yangu zimeanza kuwa za njano baada ya miaka. Ni simenti?

Inawezekana, hasa ikiwa ni simenti inayoganda kwa mwanga na kemikali kwa pamoja. Baadhi zina amini, kemikali zinazosaidia simenti kuganda, ambazo hubadilika rangi kadiri muda unavyopita. Ndiyo maana kwa vinia nyembamba wengi wetu tunapendelea zinazoganda kwa mwanga pekee. Kama unjano uko ukingoni tu, karibu na fizi, huenda ni madoa yaliyoingia kwenye mshono. Hayo mara nyingi husafishika.

Na kofia ya jino, ile inayofunika jino lote, rangi yake huathiriwa na simenti?

Yenye chuma ndani, simenti haina neno, kwa kuwa mwanga haupiti. Ya zirkonia, aina ya kauri ngumu, hutegemea aina na unene wake.

Naweza kung'arisha meno baada ya kuwekewa vinia?

Meno yako ya asili yatang'aa, kauri na simenti hazitabadilika, nawe utabaki na rangi mbili mdomoni. Ng'arisha kwanza, usubiri takriban wiki 2 ili rangi itulie na gundi ishike vizuri, ndipo rangi ya vinia ichaguliwe.