Waifai Haikomei Mlangoni: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Barua nilizopokea tangu toleo lililopita zimehusu waifai ya nyumbani na ya mahali pa biashara kuliko jambo jingine lolote. Nimechagua nne ambazo maswali yake yanawagusa wengi. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kosa ninalolikuta ninapoitwa kutazama mitandao ya watu.

SWALI: Nina saluni Sinza, Dar es Salaam. Wateja wanapenda waifai, kwa hiyo nimebandika nywila kwenye kioo. Ni namba yangu ya simu, ili iwe rahisi kukumbuka. Kompyuta ninayotunzia hesabu na simu ya uwakala wa pesa zinatumia mtandao huohuo. Siku hizi intaneti imekuwa nzito hata saa ambazo saluni haina mtu. Kijana wa jirani amenishauri nifiche jina la mtandao na niandikishe kwenye ruta, kile kifaa kinachorusha waifai, simu zinazoruhusiwa tu. Je, hayo yanatosha?
Mwenye saluni, Sinza

JIBU: Dada yangu, hayatoshi, na mimi ningeyaacha yote mawili. Jina lililofichwa halitangazwi na ruta, lakini simu inapojiunga hulitaja hewani, na yeyote mwenye programu ya kusikiliza mawimbi hulisoma papo hapo. Isitoshe, simu iliyohifadhi mtandao uliofichwa hulazimika kuuita kwa jina kila inapokwenda, iwe Kariakoo au Mwenge, kwa hiyo kile unachokificha saluni simu yako inakitangaza njiani. Kuandikisha simu nako kunategemea anwani ya MAC, yaani namba ya kitambulisho cha kifaa, ambayo husafiri hewani bila kufichwa na mtu anaweza kuinakili akaitumia kama yake. Tena simu za miaka ya karibuni, tangu Android 10 na iOS 14, hubuni anwani ya bandia kwa mtandao zinaojiunga nao. Orodha utakayoiandika kwa taabu inaweza kumfungia nje mteja wako halali huku ikimwacha mdukuzi apite.

Kinachokulinda hasa ni usimbaji, yaani namna ruta inavyoyageuza mazungumzo yako kuwa fumbo kabla ya kuyarusha hewani, pamoja na nywila inayozaa ufunguo wa fumbo hilo. Mawimbi ya waifai hayakomei mlangoni pako. Yanafika barabarani, kwenye duka la jirani na ghorofani, na huna namna ya kuyazuia yasisikike. Unachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba anayeyasikia hayaelewi. Usimbaji wa mwanzo, WEP, ulitoka mwaka 1997 na kufikia 2001 wataalamu walikuwa wameshaonyesha jinsi ya kuuvunja. WPA ilikuja 2003 kama kiraka cha muda, WPA2 ikafuata 2004, na WPA3 ikatangazwa 2018. Wewe chagua WPA2 yenye AES, yaani aina ya usimbaji iliyo imara, au ile hali ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 ikiwa ruta yako inayo, kwa sababu simu za zamani za wateja hazitaitambua WPA3 peke yake.

Sasa tuje kwenye namba ya simu, maana hapo ndipo ninapopata wasiwasi zaidi. Wengi hudhani kwamba mwizi wa waifai hukaa nje akijaribu nywila moja baada ya nyingine hadi achoke. Katika WPA2 sivyo ilivyo. Simu inapojiunga na ruta, hizo mbili hubadilishana ujumbe mara nne ili kila upande uthibitishe kwamba mwenzake anaijua nywila, bila ya nywila yenyewe kutajwa. Mtu aliyeketi kibarazani na kompyuta yake huunasa ujumbe huo, akaenda nao nyumbani, kisha kompyuta ikakisia usiku kucha ikilinganisha kila jaribio na kile alichonasa, na ruta yako haina habari. Kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro hujaribu mamia ya maelfu ya nywila kwa sekunde moja. Namba ya simu inayoanza na 07 ina tarakimu 8 tu zinazobaki za kukisia, yaani michanganyiko milioni 100, na kazi hiyo humalizika kwa dakika chache. WPA3 iliundwa kuziba tundu hilihili, kwa kuwa ndani yake kila jaribio ni lazima lifanywe mbele ya ruta yenyewe.

Nywila ya WPA2 inaruhusiwa kuwa na herufi 8 hadi 63, nami nakusihi utumie nafasi hiyo. Chukua maneno matano au sita yasiyohusiana, uyapate kwa kufungua kamusi popote pale bila kuchagua, kisha uyaunge kwa vistari: kinu, jahazi, pilipili, ngazi, mfinyanzi. (Usiyatumie haya, kwa kuwa yameshachapishwa hapa.) Usitumie methali wala mstari wa wimbo, hata ukiwa mrefu namna gani, kwa maana maneno yanayojulikana na watu wote huingizwa kwenye orodha za kukisia kabla ya kitu kingine.

Kazi yenyewe haizidi nusu saa. Unganisha kompyuta na ruta kwa kebo, si kwa waifai, ili usijikate mwenyewe pale utakapobadilisha nywila. Fungua kivinjari, andika anwani iliyo kwenye kibandiko chini ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, kisha ingia. Hapo utakuta kwamba ruta ina nywila mbili: ile ya waifai, na ile ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta. Hii ya pili wengi hawajawahi kuigusa, na bado ni ileile ya kiwandani. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilivamia kamera na ruta nyingi sana duniani kwa kujaribu tu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani, na mwezi Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilivyotekwa vikatumiwa kuiangusha huduma ya kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikizielekeza kompyuta mahali tovuti zilipo, tovuti kubwa za Marekani zikashindwa kufunguka kwa saa kadhaa. Ibadilishe nywila hiyo kwanza, na isifanane na ya waifai. Kisha tafuta toleo jipya la programu ya ruta na uliweke, funga mlango wa kuisimamia ruta kutoka nje kupitia intaneti, na uzime WPS.

Niseme kidogo kuhusu WPS, maana madhara yake nimeyaona kwa macho. Katika zahanati moja niliyokwenda kusaidia, niliikuta ruta imetundikwa kwenye ukuta wa chumba cha kusubiria, kibandiko chake kikiwatazama wagonjwa: jina la mtandao, nywila, na chini yake PIN ya tarakimu 8. PIN hiyo ni ya WPS, ambayo iliwekwa ili vifaa vijiunge bila kuandika nywila. Mwezi Desemba 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huikagua PIN hiyo kwa vipande viwili, na kwamba tarakimu ya mwisho hutokana na zile zilizotangulia. Hivyo badala ya mamilioni ya majaribio yanatosha 11,000 tu. Ruta yenye nywila ndefu kama utenzi hufunguliwa kwa mlango huo wa nyuma ikiwa haujazimwa. Tuliizima, tukabadilisha kila kilichoandikwa kwenye kibandiko, na ruta tukaihamishia kwenye chumba kinachofungwa.

Lililobaki ni kuwatenganisha wateja na hesabu zako. Ruta nyingi zina kipengele cha mtandao wa wageni. Kiwashe, ukipe jina lake na nywila yake, na hiyo ndiyo ubandike kwenye kioo, uwe unaibadilisha kila mwezi. Weka alama pale panaposema wageni wasifikie mtandao wa ndani, na ukiweza wapangie kikomo cha kasi. Kompyuta ya hesabu na simu ya uwakala zibaki kwenye mtandao mkuu ambao nywila yake haijui mtu mwingine yeyote. Kuhusu uzito wa intaneti, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa saa ambayo saluni imefungwa. Ukikuta vifaa usivyovijua, umepata jibu, na nywila mpya itaviondoa vyote kwa mara moja. Ukikuta ni vyako tu, huenda tatizo liko kwenye msongamano wa mawimbi, ambao nimeueleza katika jibu linalofuata.

SWALI: Tunaendesha nyumba ya wageni ya ghorofa tatu Mji Mkongwe, Zanzibar. Ruta iko mapokezi, na wageni wa juu hulalamika kila siku. Tumeshanunua vifaa viwili vya kurudia mawimbi bila mafanikio. Je, tununue ruta yenye antena nyingi na nguvu kubwa zaidi?
Msimamizi wa nyumba ya wageni, Unguja

JIBU: Ndugu yangu, pesa hizo zinunulieni kebo. Nyumba zenu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake huweza kufika nusu mita au kuzidi. Wimbi linalopenya ukuta wa tofali mara tatu hapo linachoka mara moja. Ruta yenye nguvu kubwa itasikika juu, ni kweli, na simu ya mgeni itaonyesha vistari vyote, lakini mawasiliano ni ya pande mbili, na simu yenyewe haina nguvu ya kujibu kupitia ukuta uleule. Ndiyo maana mgeni anaona mawimbi yamejaa na ukurasa haufunguki. Vifaa vya kurudia mawimbi navyo, vile vya kawaida, hupokea na kutuma kwenye chaneli ileile, yaani njia ileile ya mawimbi, hivyo kasi hupungua kwa karibu nusu kila vinaporudia, na mkiviweka mahali ambapo mawimbi yameshachoka, vitarudia uchovu huohuo.

Vuteni kebo ya mtandao kutoka mapokezi hadi kila ghorofa, mkifuata ngazi au uwazi wa ua wa ndani, na mwisho wa kila kebo muweke akses pointi moja, yaani kifaa kinachorusha waifai kutoka kwenye kebo. Kebo hufanya kazi vizuri hadi mita 100, urefu ambao nyumba yenu haitaufikia. Mji Mkongwe umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, kwa hiyo msitoboe ukuta wowote kabla ya kuzungumza na mamlaka inayosimamia hifadhi ya mji. Mara nyingi hakuna haja ya kutoboa, kwa sababu waya za umeme zilishapata njia yake. Vifaa vyote vipeni jina moja la mtandao na nywila moja, ili mgeni anayepanda ngazi ahamishwe na simu yake bila kubonyeza chochote.

Katika masafa ya gigahetzi 2.4 chaneli zimepangwa zikipishana kwa megahetzi 5 tu, wakati kila mtandao unatumia upana wa takriban megahetzi 20. Chaneli zisizogongana ni 1, 6 na 11, na hizo ndizo mgawe: ghorofa ya kwanza 1, ya pili 6, ya tatu 11. Anayechagua chaneli 3 kwa kuona kwamba haina mtu anawasumbua wa 1 na wa 6 kwa pamoja, naye anasumbuliwa nao. Washeni pia gigahetzi 5, ambayo ina chaneli nyingi na kasi kubwa ingawa huchoka upesi ukutani. Kwa chumba kilicho karibu na akses pointi ndiyo bora. Mwisho, washeni kipengele kinachowazuia wageni wasionane wao kwa wao ndani ya mtandao. Mgeni wa chumba namba 4 hana sababu yoyote ya kuiona kompyuta ya mgeni wa chumba namba 5, na mashine yenu ya kupokelea malipo ya kadi isiwe kwenye mtandao wa wageni hata siku moja.

SWALI: Printa ya ofisi yetu inajua WEP tu. Fundi ametushauri turudishe ruta nzima kwenye WEP ili kila kitu kifanye kazi. Tufanye hivyo?
Karani, Morogoro

JIBU: Msifanye. WEP huvunjwa kwa dakika chache kwa programu zinazopatikana bure, na mkiirudisha mnaifungua ofisi nzima kwa ajili ya printa moja. Iunganisheni printa hiyo kwa kebo ya mtandao au ya USB na mzime waifai yake.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi Nakuru. Jirani yetu ana waifai isiyo na nywila, nami huitumia kufanyia kazi za chuo. Je, ninakosea, na je, niko salama?
Mwanafunzi

JIBU: Mwanangu, mtandao usio na nywila si ruhusa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao inagusa kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini, na Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2015, kwa hiyo idhini ndiyo unayoihitaji, nayo ni rahisi kuiomba. Kuhusu usalama, waifai ya wazi kwa kawaida haina usimbaji hewani. Tovuti zinazoanza na https hufunga mazungumzo yake zenyewe, hivyo nywila zako haziko uchi, lakini anayesikiliza anaweza kujua ni tovuti zipi unazitembelea, na yeyote anaweza kurusha mtandao wenye jina hilohilo la jirani ili simu yako ijiunge nao yenyewe. Simu yako ikionya kwamba cheti cha tovuti, yaani kitambulisho chake, hakiaminiki, usibonyeze kuendelea.

Mgongee jirani mlango jioni, umshukuru, na umwambie ruta yake iko wazi. Pengine hajui, kwa sababu ruta zikirudishwa katika hali ya kiwandani, baadhi yake huwaka bila nywila. Mwonyeshe sehemu ile ya mipangilio niliyoieleza kwa dada wa Sinza, mkae pamoja muweke WPA2 na nywila ya maneno matano, kisha umwombe akufungulie mtandao wa wageni.