Swala amenikaukia sufuriani

SWALI: Shikamoo mama. Mume wangu alinunua kilo mbili za swala kwenye bucha la nyamapori. Nikapika kilo moja kama ninavyopika ng'ombe: nikachemsha, nikakausha, nikakaanga. Ikatoka ngumu kama kandambili, tena ina harufu. Jumamosi mama mkwe anakuja na kilo iliyobaki iko kwenye friza. Nifanyeje? Kuna jirani pia anauza iliyokaushwa, nusu bei.
Mama Neema, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Kilichokuponza ni kule kukausha. Ng'ombe ukimkausha, mafuta yake mwenyewe ndiyo yanamkaanga. Swala hana mafuta, anabaki nyuzi tupu.

Ishushe Alhamisi usiku iyeyukie ndani ya friji. Ijumaa jioni tafuta kisu chembamba chenye makali. Juu ya mnofu utaona utando mweupe unaong'aa. Penyeza ncha ya kisu chini yake, uvute kwa mkono wa pili huku makali yakielekea juu, utabanduka. Huo haulainiki upesi, na ukipata moto unajikunja na kuibana nyama. Hata mafuta kidogo utakayoyaona, toa. Harufu nyingi imo humo.

Sasa lowesha usiku kucha kwenye maziwa mgando, kitunguu saumu na tangawizi, humo humo kwenye friji. Papai bichi liachie nyati, tena saa moja tu. Swala litamfanya uji. Siki mimi siitaki jikoni kwangu.

Jumamosi ikamue maziwa, kaanga vitunguu kwa samli, na usiionee huruma samli. Tia nyama, nyanya, maji ya moto yafike nusu, funika, moto mdogo wa mkaa kama saa mbili. Tui zito mwishoni. Kama mkwe ni Mgogo, ugali wa uwele na mlenda pembeni. Wali wa kumpendezesha achana nao.

Ya jirani usiguse. Tangu zije kanuni za 2020, nyamapori huuzwa kwa leseni na risiti. Ukikutwa nayo bila risiti, kesi ni yako na siyo ya jirani peke yake. Halafu hujui mnyama alikufaje. Porini kuna kimeta, na sufuria ya nyumbani haikiui. Na ile risiti ya mumeo, itunzeni mpaka kilo hiyo iishe.